Kiraka Cheusi cha Acan

Baragumu la asubuhi lilipolia katika kambi ya polisi upande wa Ntinda, Adyero alikuwa ameshaamka, tena ameshaanza kuongea. Aliongea akikunja mkeka, akaongea akichota maji, akaongea hata mswaki ukiwa mdomoni. Mama yake, Halimah, alisema mtoto huyu alizaliwa siku ya soko, ndiyo maana. Adyero alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na katika safu nzima ya vibanda vya mabati vya duara walimokaa polisi na familia zao, hapakuwa na habari ambayo hakuwa nayo.

Mdogo wake, Acan, hakuongea. Yeye alikuwa na miaka kumi. Tangu kuzaliwa, ulimi wake na mikono yake vilikataa kumtii. Akitaka kusema maji, ilitoka sauti nzito isiyoeleweka. Akitaka kushika kikombe, mkono ulikwenda kwingine. Alitembea polepole akiegemea bega la dada yake. Lakini masikio yake yalikuwa mazima na akili yake ilikuwa nzima, na jambo hilo, maskini, watu wachache sana walilijua. Ukimwuliza kitu naye akakubali, aliinua nyusi, vile watu wa Kampala wanavyofanya wakisema ndiyo. Nyusi zisipoinuka, watu walidhani hakusikia, wakamwuliza tena kwa sauti kubwa zaidi, utadhani yuko ng'ambo ya bonde.

Basi Adyero ndiye aliyemsemea. Acan ana njaa, alisema. Acan anasikia baridi. Acan anapenda uji wa maziwa. Hilo la uji lilikuwa limekubaliwa na nyumba nzima, na kila asubuhi Mama alimletea bakuli limejaa. Kila asubuhi Acan alikunja uso, na mara nyingi uji ulimwagika. Mama alipangusa sakafu na kusema hiyo ni mikono tu, si kosa la mtoto.

Baba yao, Koplo Opoka, alikuwa kinyume kabisa cha binti yake mkubwa. Ilikuwa miaka ya sabini, wakati jeshi lilipoitawala nchi, na mtu wa kaskazini aliyevaa sare za polisi alijua kwamba neno moja laweza kumpoteza. Wenzake wawili walikuwa wameitwa kuhojiwa na hawakurudi. Kwa hiyo kazini Opoka alisema ndiyo afande, na nyumbani alisema kidogo sana. Aliwaambia wanawe kwamba heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na gari lisilofahamika lilipopita nje, alinyamaza hata kama alikuwa katikati ya sentensi.

Acan aliingia shule kwa sababu ya Mwalimu Saverio. Huyu alifundisha darasa la tatu katika shule moja ya msingi njia ya kwenda Kyebando, na kila adhuhuri alimwona Acan ameketi nje ya dirisha na mama yake, wakimngoja Adyero atoke. Siku moja akagundua jambo. Kila alipouliza swali darasani na mwanafunzi akajibu sawa, nyusi za yule mtoto wa nje zilipanda. Akijibu vibaya, nyusi zilitulia. Mwalimu Saverio akajaribu mara nyingi, na nyusi hazikukosea. Kesho yake akamkalisha ndani, mwisho wa benchi.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka alipofika mwalimu mkuu mpya, Mwalimu Rosalba. Mama huyu hakuwa mkatili, ila alipenda mambo yaliyonyooka. Madawati yalikuwa machache, watoto walibanana, na nje walikuwapo wengine waliosubiri nafasi. Akasema hawezi kumweka mtoto darasani kwa huruma. Siku ya kufunga muhula atampima Acan mwenyewe, na Acan atajibu mwenyewe. Akiweza, jina lake litaandikwa kama la mwanafunzi mwingine yeyote. Akishindwa, atarudi nyumbani.

Acan alijua maana ya kurudi nyumbani. Ni ule mkeka wa mlangoni. Alikuwa ameukalia miaka yote, akitazama miguu ya wapita njia. Siku ile aliposikia maneno ya Mwalimu Rosalba, alilibana bega la dada yake njia nzima, na Adyero alielewa bila kuambiwa.

Jumamosi Mama alimtuma Adyero Nakivubo, kupeleka mikeka kwa Mama Julienne. Mama Julienne alikuwa mkimbizi kutoka Bukavu, na alishona nguo katika baraza ya duka moja, katikati ya kelele za wauza ndizi na wapiga debe. Wateja wake walikuwa wa lugha zote. Ukutani alitundika kitambaa kipana alichokishonea vipande vya vitenge vyenye umbo la kola, mikono na sketi za kila namna. Siku hiyo alikuja mama mmoja wa Karamoja asiyejua Kiswahili wala Kiganda. Akaitazama ile kola ya duara, akaigusa. Akagusa mkono mfupi, akagusa sketi ya marinda. Mama Julienne akampima, wakacheka wote wawili, mambo yakaisha.

Adyero alinyamaza, na kwa Adyero hiyo ni habari. Alirudi kambini akikimbia.

Juma lile nyumba ya Koplo Opoka iligeuka karakana. Mama alikata picha kutoka vipande vya vitenge na kuzishona juu ya kitambaa: kikombe, sahani, kitanda, kitabu, shule, mwalimu, Mama, Baba, Dada, choo, mvua. Chini alishona tarakimu kwa uzi mwekundu. Akaongeza kijiko cha sukari, kwa sababu sukari ilikuwa adimu siku zile. Watu walipanga foleni alfajiri na kurudi na vikapu vitupu. Kitambaa kikapigiliwa misumari juu ya ubao wa sanduku la chai, Acan akawekewa mapajani.

Ngumi ya Acan ilitetemeka, ikateleza kutoka kwenye kikombe hadi chooni. Adyero akacheka kidogo, kisha akaacha, maana Acan hakucheka. Baba alikuwa ameketi pembeni anang'arisha viatu. Aliondoka, akarudi na vijiti vyembamba vya mbao, akavipigilia kati ya picha na picha mpaka kila picha ikawa na chumba chake chenye kuta. Sasa ngumi ikiingia chumbani ilikaa. Acan akaupeleka mkono wake kwenye picha ya Baba, ukakaa. Opoka akainama kuokota brashi ya viatu, na alikaa ameinama muda mrefu kuliko brashi ilivyohitaji.

Tangu siku hiyo Acan aliomba maji, na akapewa maji. Kijiko cha sukari alikitumia kwa namna yake. Alikigusa Baba akirudi salama kutoka kazini, alikigusa mvua ikipiga mabati, na nyumba nzima ikajua kwamba hilo ndilo neno lake la kila kitu kizuri.

Kulikuwa na jambo moja tu. Kwenye kitambaa cha Mama Julienne, pembeni chini, palikuwa na kiraka cheusi kitupu. Adyero alidhani kimeziba tundu, kwa hiyo hakukiiga. Na nyumbani hakuna aliyejiuliza mtoto huyu atakataaje. Mtoto wa kambini aliyelelewa vizuri hamwambii mkubwa hapana. Hata wakubwa wenyewe neno hilo walikuwa wameliweka mbali siku nyingi, na kitu usichokitumia huoni kwamba hakipo.

Matatizo yakaanza. Adyero hakuweza kungoja. Acan akigusa sahani, Adyero alishamaliza hadithi: anasema ana njaa, anataka viazi, vile vya jana. Acan akigusa mvua, Adyero alisema anaogopa radi. Pengine alipatia, pengine alikosea, lakini kwa vyovyote aliendelea. Acan akaanza kuusukuma ubao chini. Kwanza mara moja moja, kisha kila siku. Majirani wakasema wamemdekeza, na Baba akazoea kupigilia upya kona zilizoachia.

Kabla ya siku ya kupimwa, Mwalimu Rosalba aliwaita ofisini auone ubao anaousikia. Adyero alifurahi mno. Alimchana Acan nywele, akampaka mafuta usoni, na njia nzima akamwambia asiwe na wasiwasi, dada yupo.

Mwalimu Rosalba alizaliwa kaskazini na alijua Kiswahili cha kambini, kwa hiyo alizungumza na Acan kwa lugha hiyo. Alimwuliza swali jepesi: jioni akitoka shule, hufanya nini. Ngumi ya Acan ikapaa taratibu, ikatua kwenye kitanda. Kisha ikainuka tena, inatetemeka, inakwenda upande mwingine.

"Anasema analala, Mwalimu," Adyero akadakia. "Shule inamchosha sana, lakini anajitahidi."

Mwalimu Rosalba akauliza la pili, anapenda somo gani. Ngumi ikaelekea kwenye tarakimu, na kabla haijafika Adyero akaeleza jinsi Acan anavyopenda kuimba. Acan akatoa ile sauti yake nzito. Akausukuma ubao kwa nguvu zote, ukaanguka, ukaangusha na kidau cha wino. Wino ukatapakaa kwenye karatasi za Mwalimu Mkuu.

Adyero alipiga magoti kupangusa, huku akiomba radhi kwa niaba ya mdogo wake. Mwalimu Rosalba alimsimamisha.

"Leo nimemsikia mtoto mmoja tu akizungumza," alisema, "na siye niliyemwuliza. Kama shule inamchosha hivyo, sioni tutafika wapi. Lakini niliahidi kumpima, na nitampima."

Mwalimu Saverio, aliyekuwa amesimama mlangoni, alitazama sakafu. Njiani Adyero alilia kwa hasira. Alimwambia Acan kwamba anamsaidia usiku na mchana, na shukrani yake ni kuaibishwa. Acan alimtazama tu. Nyusi hazikupanda, na ubaoni hapakuwa na mahali pa kuweka kile alichotaka kusema.

Jumamosi Adyero alibeba ubao hadi Nakivubo kushonesha kitambaa kilichochanika, na Acan akaja naye, polepole, akiegemea bega. Adyero alimsimulia Mama Julienne yote, tangu swali la kwanza hadi wino. Mama Julienne alisikiliza huku akishona. Alipomaliza aliuweka ubao magotini, akautazama picha kwa picha, akageuka kumtazama Acan.

"Na huyu mtoto akikosewa," aliuliza, "anagusa wapi?"

Adyero hakuelewa swali. Mama Julienne akamwonyesha kile kiraka cheusi kilichokuwa ukutani. Akamwambia kwamba hakuna tundu pale. Mteja ambaye hataki hata mtindo mmoja kati ya hii yote hugusa hapo. Zamani hakukiweka, na watu waligusa chochote ili wasimwudhi fundi. Aliwashonea nguo wasizozitaka, wakazipokea kwa adabu, na hawakurudi tena.

"Weye umempa mdogo wako mlango wa kuingilia," alisema. "Wa kutokea hukumpa. Atafanya nini zaidi ya kuvunja ukuta?"

Adyero alimgeukia Acan. Nyusi za Acan zilikuwa juu kabisa, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi. Mama Julienne akakata kipande cha kaniki, akakichomeka chini ya kitambaa kilichorekebishwa, akawaambia wakashone wenyewe nyumbani, maana hilo ni neno la mwenye nyumba kuruhusu.

Alijua alichokisema. Jioni ile, wali ukiwa bado jikoni, Mama Halimah alikitazama kipande cha kaniki, akakataa. Hakukataa kwa ukali. Alisema watu wanasema mengi juu ya Acan, kwamba ni mkosi, kwamba ni laana, na yeye amevumilia yote. Kitu kimoja hawajawahi kusema ni kwamba mtoto wa Halimah hana adabu. Sasa leo amfundishe kuwaambia wakubwa hapana, mbele ya mwalimu mkuu, mbele ya nani na nani. Aliogopa, na alisema wazi kwamba anaogopa.

Wote wakamtazama Baba. Koplo Opoka alikuwa bado na sare. Alichungulia nje ya mlango, akaufunga, akaketi karibu na Acan.

"Mama Adyero," alisema polepole, "mimi nasema ndiyo afande tangu paredi ya asubuhi mpaka ninaporudi. Siku nyingine nasema ndiyo na moyo wangu wote unasema hapana. Najua jinsi inavyouma. Mtoto huyu ameishi hivyo miaka kumi, na sisi ndio tumemfanya aishi hivyo. Huko nje siwezi kubadili kitu. Humu ndani, aseme."

Halimah akaichukua ile kaniki, akatafuta sindano. Alipomaliza kuishona alikata kipande kingine cheupe, akashona viganja viwili vilivyokutanishwa, jinsi mtu anavyoomba radhi. Akakiweka ubavuni mwa kiraka cheusi, akasema kama hapana lazima iwepo, basi iwe na adabu. Baba akavijengea vyumba vyake kwa vijiti vilivyobaki.

Asubuhi Mama alileta bakuli la uji wa maziwa kama kawaida. Ngumi ya Acan ikapaa, ikasafiri ubao mzima, ikatua kwenye kiraka cheusi. Kisha ikagusa viganja.

Mama aliuliza kama leo hana hamu. Kiraka cheusi. Akauliza kama uji una moto sana. Kiraka cheusi. Ndipo akauliza, kwa sauti ya chini, kama Acan hajawahi kuupenda uji huu hata siku moja. Nyusi zikapanda mpaka zikakaribia nywele.

Halimah aliketi sakafuni, akacheka mpaka akashika mbavu. Halafu kicheko kikageuka kilio. Alisema, "Miaka yote hiyo, mwanangu," akamkumbatia pamoja na ubao wake. Acan akachekelea begani mwake, na uji, safari hii, aliunywa Adyero.

Siku zilizofuata Acan alisema hapana kama mtu aliyeiwekea akiba. Hapana kwa sweta la rangi ya kahawia. Hapana kwa kuketi mlangoni, alitaka dirishani. Hapana kwa jirani aliyependa kumfinya mashavu. Zaidi ya yote, ilikuwa hapana kwa Adyero. Adyero alisema anachodhani, na kiraka cheusi kikaguswa. Akasema jingine, kikaguswa tena. Aliona aibu, kisha akakasirika, kisha akachoka, na alipochoka ndipo akauliza swali la maana.

"Siku ile ofisini, ulitaka kusema unalala?"

Kiraka cheusi. Ngumi ikaenda kwenye kitanda. Adyero akafungua mdomo, akajizuia kwa kuubana na vidole. Ngumi ikapaa, ikatetemeka, ikapotea njia, ikarudi, na mwisho ikatua kwenye kitabu.

Unasoma kitandani, Adyero aliwaza, na akakumbuka vitabu vyake mwenyewe, vile alivyoviacha wazi kila jioni karibu na mto wa Acan na kuvikuta vimekunjika kurasa. Alikuwa akimgombeza kwa kurasa zile. Hakuwahi kufikiri kwamba kuna mtu aliyekuwa akizisoma. Aliuliza kama ni hivyo, nyusi zikapanda, na Adyero akaona haya mpaka masikioni.

Tangu hapo walifanya mazoezi. Acan alifanya mazoezi ya kugusa, na Adyero alifanya mazoezi ya kungoja, na ukimwuliza yeyote kambini atakuambia ni nani aliyekuwa na kazi ngumu zaidi.

Siku ya kufunga muhula ikafika. Baba alikuwa zamu, kwa hiyo Mama ndiye aliyewasindikiza, amevaa gauni lake la sikukuu. Darasa la tatu lilikuwa limejaa. Mwalimu Rosalba alimwelekeza Adyero akae nyuma, ukutani, pamoja na mama yake. Mwalimu Saverio angesoma kwa sauti kila picha itakayoguswa, bila kuongeza neno.

Maswali ya kwanza yalikwenda vizuri. Kisha Mwalimu Rosalba akauliza saba mara nane ni ngapi. Ngumi ikagusa tano, ikakaa. Ikapaa kwenda kwenye tarakimu ya pili, lakini mkono ulistuka, ukaruka vijiti, ukaangukia kwenye tisa. Mwalimu Saverio akasoma kwa huzuni, "Hamsini na tisa."

Mwalimu Rosalba akatikisa kichwa, akachovya kalamu. Kule nyuma Adyero aliyajua yote. Alijua jibu, alijua mkono umeteleza, na maneno yalimjaa mdomoni mpaka yakamuuma. Alikumbuka wino. Akaweka viganja vyote viwili juu ya midomo yake, akavikandamiza.

Ngumi ya Acan ikaondoka kwenye tisa. Ikashuka chini, pembeni, ikatua kwenye kiraka cheusi.

Mwalimu Saverio alisita kabla ya kusoma. "Hapana," alisema.

Katika shule ile hapakuwa na mtoto aliyewahi kumwambia Mwalimu Rosalba hapana. Mama Halimah alifumba macho. Ngumi ikasogea kidogo, ikagusa viganja viwili vyeupe. Mwalimu Saverio akaongeza kwamba anaomba radhi.

Kalamu ya Mwalimu Rosalba ilisimama hewani. "Hilo silo jibu lako?" aliuliza. Nyusi zikapanda. "Basi tupe jibu lako. Sina haraka."

Wakangoja. Nje kengele ya darasa jingine ililia, watoto wakapita wakikimbia, na bado wakangoja. Ngumi ikaingia chumba cha tano. Ikapaa, ikazunguka, Acan akaibana mbavuni mpaka ikatulia, akaipeleka tena. Ikaingia chumba cha sita, ikakaa.

"Hamsini na sita," Mwalimu Saverio akasoma.

Mwalimu Rosalba aliandika. Akauliza mengine, na palipokosewa, Acan alikataa, na palipoeleweka, alikubali. Mwisho akaiweka kalamu chini na kumwambia Acan kwamba siku ile ofisini Adyero alisema kuwa jioni Acan hulala tu. Kiraka cheusi kikaguswa hata kabla hajamaliza. Kitanda. Kitabu. Mwalimu Rosalba aliangalia picha zile mbili, akamwangalia mtoto, akavuta daftari la darasa na kuandika jina lake.

"Nimruhusu dada yako aje darasani kwako kila siku akusemee?" aliuliza, huku akitabasamu kidogo.

Kiraka cheusi. Wanafunzi wakaangua kicheko, na Adyero alihisi mchomo moyoni.

Mwalimu Rosalba akamwita mbele. "Ulifanya kazi kubwa, Adyero," alisema, "na leo umefanya kubwa zaidi, kule nyuma ulipoziba mdomo. Kumsaidia mtu aseme na kumsemea si kitu kimoja. Ukimsemea, tunakusikia wewe. Nanyi nyote mkumbuke jambo hili mkiwa wakubwa: mtu asiyeweza kusema hapana, hata ndiyo yake hatuwezi kuiamini."

Mwalimu Saverio alitupa jicho dirishani, jinsi watu walivyofanya siku zile mtu akisema neno zito. Hapakuwa na mtu nje. Mwalimu Rosalba hakulirudisha neno lake.

Jioni Baba alirudi, akavua kofia, akauliza imekuwaje. Mama alimtazama Adyero, maana habari kama hiyo ilikuwa haki yake kuitoa. Adyero aliinama, akauchukua ubao ukutani, akauweka mapajani kwa mdogo wake, akamwambia Baba amwulize mwenyewe.

Acan akagusa shule. Akagusa kijiko cha sukari. Koplo Opoka alikaa chini na viatu vyake, bila kuvivua, akarudia kwa sauti, "Shule. Sukari," na uso wake uliokuwa umefungwa siku nyingi ukafunguka.

Kisha akataka utani kidogo, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi. Alimwambia Acan kwamba sasa ameepukana na yule dada yake, aliyekuwa akimchosha kwa maneno.

Ngumi ikashuka kwenye kiraka cheusi. Hapana. Ikapaa tena, taratibu, ikiyumba juu ya vijiti, ikaingia kwenye picha ya Dada. Kutoka hapo ikasafiri njia ndefu hadi kwenye kijiko cha sukari, ikakaa.

Adyero alikuwa na mengi ya kusema. Alifungua mdomo, akaufunga, akangoja, maana huenda Acan alikuwa bado hajamaliza.